Kijiti cha Faiba

Fundi wa mtandao hapa hospitalini husoma namba za kijiti cha faiba, kidude kisichozidi kidole kinachounganisha waya wa intaneti na mitambo yetu, kuanzia mwisho. Anasema jicho likienda mbele huona linachokitaka. Ncha yake haipulizi, huifuta kwa kitambaa cha mfukoni. Leo kijiti kilikuwa kipya, laini haijashika, na daktari bingwa wa mji mwingine alikuwa anasubiri picha za kichwa cha mgonjwa wetu. Fundi alifungua mipangilio ya kijiti kwenye kompyuta, akaandika namba zile, kidole kikaganda. “Nikikosea, mtambo wa kampuni ya intaneti utatufungia. Dada, nisomee.” Mimi, muuguzi wa zamu, nikamsomea namba za kijiti kutoka mwisho. Kwenye namba ya nne akasema, “Hapo.” Akarekebisha, akabonyeza. Taa ya kijani ikatulia. “Tuma picha,” alisema taratibu, kisha akaanza kuzisoma namba tena, kuanzia mwisho.