Kukataa Juu ya Dungu

Mwalimu aliyepanga chumba cha uani kwangu, binti wa bara huko kwenye baridi, huwafundisha watoto wa jirani Kiingereza barazani siku za Jumamosi. Mimi hukaa pembeni na ungo wangu napepeta mchele, lakini sikio haliko kwenye ungo. Siku ile alikuwa anawafundisha kukataa. Mimi nilidhani kukataa ni kumoja. Kumbe wenzetu wamekugawa mafungu. Shule niliishia darasa la pili, baba akanitoa nikaamie ndege shambani wasile mpunga, kwa hiyo maneno yale nayaandika kama yalivyoniingia sikioni. Ukipewa kitu usikitake, rifyuzi. Ukialikwa ukakataa kwa adabu, diklaini. Ukisukumwa ukajikaza usiende, rizisti, na hata ugonjwa usiosikia dawa nao unarizisti. Ukiambiwa umeiba ukasema si mimi, dinai.

Nikamwambia, "Mwalimu, watu wenye maneno mengi hivyo ya kukataa wameombwa mengi hao."

Akacheka. "Bibi, na nyie mnayo. Kugoma, kususa, kukaidi."

Kweli tunayo. Na kwetu hata vitu vinakataa. Pikipiki inagoma, kufuli linagoma, goti langu la kushoto likifika masika linagoma kabisa, nililiumiza zamani nikikimbia nyuki, ila hayo tuyaache. Nilitaka kusema kwamba tuko katika kucheka huko, mdogo wangu wa kiume akaingia uani, suruali imelowa mpaka kiunoni.

"Dada, maji yamepanda tena. Shemeji amekataa kushuka."

Ungo ukaniponyoka.

Shemeji yake ndiye mume wangu. Nyumba yetu iko huku juu Umwe, lakini shamba la mpunga liko bondeni, na miezi ya kuamia ndege mume wangu hulala kule na mbwa wake kwenye dungu, kile kibanda chetu cha juu ya nguzo ndefu. Mvua ilikuwa imenyesha siku nyingi na mto ulikuwa umekwisha toka kwenye njia yake. Jirani zetu wote wa bondeni walishapanda juu na mikeka yao. Mdogo wangu alikwenda na mtumbwi jana yake, akajibiwa "Sitaki." Asubuhi ile akarudi tena. Sitaki. Akamtukana kidogo, maana hao wawili wanataniana toka naolewa, akamwambia, "Shemeji, umeoa kiboko huko? Dada nimwambie ana mke mwenza?" Siku nyingine mume wangu angemrudishia matusi mpaka ng'ambo ya mto. Asubuhi ile hakujibu kitu.

Hilo la kutojibu ndilo lililonitia baridi.

Nikasema nakwenda mwenyewe. Mwalimu akanishika kanga, "Bibi, wewe unaogopa maji!" Naogopa, sifichi. Nimezaliwa kando ya Rufiji na sijapata kuingia kwenye mtumbwi bila kufumba macho. Lakini nilikuwa naiona ile nguzo ya pembeni ya dungu, iliyoliwa na mchwa, niliyomwambia aibadilishe tangu kiangazi.

Tulipita juu ya mashamba ya watu. Masuke ya mpunga yalikuwa chini ya maji, yanapepea taratibu kama nywele. Hakuna ndege, hakuna mtu, ni sauti tu ya upondo, ule mti wa kusukumia mtumbwi, ukizama na kutoka. Mdogo wangu kila baada ya kitambo anayapiga maji kwa ule upondo, pa! pa!, kuwafukuza mamba. Mume wangu humcheka miaka yote kwa hilo. Humwita Bwana Ngoma. Humwambia mbele za watu kwamba mwanamume mzima anaogopa mjusi.

Dungu tukaliona. Limeinama. Maji yameacha vipawio vichache tu vya ngazi. Mume wangu amekaa mlangoni, miguu ameikunja ndani.

"Bwana'ngu, shuka twende!"

"Sitaki. Rudini."

"Mpunga umekwisha, unaamia nini sasa? Samaki?"

"Nimesema rudini."

Basi nikapanda. Goti linalia, ngazi inacheza, nikapanda. Nikakaa juu ya mkeka wake, nikajifunga kanga. "Haya. Kama wewe hushuki, na mimi sishuki. Tuje tuokotwe pamoja."

"Una wazimu wewe? Dungu linakwenda hili! Shuka!"

"Sishuki."

Kichwani nikamkumbuka mwalimu, nikawaza hii yangu sasa ndiyo rizisti. Ndipo nguzo ikalia, kriii, sakafu ikashuka upande mmoja, na mimi ushujaa wote ukaniishia. Nikamshika mkono mume wangu. Akajivuta nyuma, mbali na mlango, akanivuta na mimi.

Nikatazama mle ndani. Sufuria lipo, tochi ipo. Tulipokuja hakuna kilichobweka.

Nikamuuliza kwa sauti ndogo, "Mbwa yuko wapi?"

Akaniangalia. Macho yale sijapata kuyaona kwake. Akanong'ona, "Juzi. Hapo hapo kwenye ngazi. Alikuwa anashuka. Mamba alitoka chini ya dungu." "Mke wangu, mguu hauendi. Nauambia uende, hauendi."

Siku mbili watu wanamwita mkaidi. Wamemwomba, wamemtukana, na mimi huku nyumbani nimemsema. Hakuna aliyemuuliza ameona nini. Naye angemwambiaje Bwana Ngoma?

Nikatoa kichwa mlangoni, nikapiga kelele, "Mdogo wangu! Piga maji chini ya dungu, piga sana! Mimi naogopa mamba, sishuki mpaka upige! Na mume wangu anishike!"

Wala sikusema uongo.

Mdogo wangu akapiga, pa! pa! pa! Mume wangu akakohoa, akasema kwa sauti ya kusikika, "Ah, wanawake nao. Haya, nishike." Akateremsha mguu kwenye kipawio cha kwanza akiwa amefumba macho. Vidole vyake vilinibana mpaka vikaacha alama. Tulifika nchi kavu, na kesho yake tukaambiwa dungu halipo.

Sasa hadithi anaihadithia yeye barazani. Kwamba mkewe alimfuata, akapanda, akashindwa kushuka kwa woga, ikabidi amteremshe kama mtoto. Watu wanacheka. Mdogo wangu anacheka, ila hunitazama. Mwalimu naye akaniuliza, "Bibi, ni kweli wewe ndiye uliyegoma kushuka?"

Sikudinai. Nilimuuliza tu, kwa Kiingereza chao, mtu akikataa kwa sababu mwili umemganda kwa hofu, hiyo ni ipi? Akafikiri. Akasema ni rifyuzi tu, bibi, hilo hilo.

Mvua za mwaka huu zimeanza. Mume wangu hasomi, ndiyo maana naandika. Juzi nimemkuta ananoa panga akakate nguzo mpya. Nikamwambia, "Mwaka huu usilale bondeni, nakuomba." Akaendelea kunoa. Na mimi usiku nasikiliza maji ya bati yanavyoshuka, nayakunja na kuyakunjua magoti yangu, nione kama yataweza kupanda ngazi tena.