Mashina Sita Kando ya Jiwe

Mimi nina ugonjwa wa usafi. Niliupatia shule ya bweni, ambako nyasi ikipita kidole tulifyeka kwanza ndipo tupewe uji, na nilipokuwa mwalimu mjini Musoma nikawaambukiza wanafunzi wangu. Nasema mapema ili nisije nikaonekana namsingizia mtu.

Kwetu ni Butiama, juu kidogo, pale mawe makubwa yanapokutana na msitu wa kilimani. Bustani ya mama ilikuwa ukingoni mwa msitu huo, na ndani yake kulikuwa na mgagani. Wanaoijua mboga hiyo wanajua ilivyo chungu. Wa mama haukuwa mchungu. Ulikuwa na mashina ya zambarau, na mbegu yake alitoka nayo kwao Buswahili alipoolewa, kaifunga kwenye pindo la nguo. Aliuchemsha, akamwaga maji ya kwanza, kisha akaulaza ndani ya maziwa mpaka kesho yake. Miaka ile ya foleni, sukari tukiisikia kwa watu na sabuni ikiwa zawadi ya harusi, nilikuwa nikihesabu siku za likizo kwa ajili ya mboga ile.

Likizo zangu zilikuwa za Desemba, wakati majani ni laini. Mwaka mmoja tu nilienda Julai. Lori liliniacha njia panda na nusu mche wa sabuni mkononi, nikapanda kilima kwa miguu. Mama alinipokea kwa vigelegele peke yake, kisha akacheka kwa kuwa hapakuwa na wa kumwitikia. Baba alishafariki, ndugu zangu walishatawanyika. Tulikuwa wawili tu. Asubuhi tulilima, mchana tukala viazi, jioni tukakaa juu ya jiwe kuwasikiliza ndege wa msituni wakigombania mahali pa kulala. Sijawahi kutulia vile tena, na ningetoa chochote niketi pale jioni moja zaidi.

Wiki ya pili mama akaenda msibani Suguti, akakaa siku mbili. Nikaona nimfurahishe. Nililima bustani nzima, nikanyoosha matuta kwa kamba. Kando ya jiwe kulikuwa na mashina sita makavu, hayana jani hata moja, yananing'iniza maganda membamba ya njano. Darasani nilikuwa nikifundisha kwamba mabaki ya mimea huficha wadudu. Niliyang'oa, nikayachoma moto.

Mama aliporudi alisimama hapo kando ya jiwe, kitenge cha msibani bado kiunoni.

"Umelima, mwanangu," akasema. "Pamekuwa pasafi."

Nilijisikia fahari kama niliyepewa cheti.

Desemba iliyofuata mgagani ulikuwa mchungu, na shina lake la kijani. Nililalamika sahani ikiwa mbele yangu, bila haya.

"Mama, huu umekuwaje?"

"Ni jua. Mwaka huu lilikuwaga kali sana."

Mwaka uliofuata, jua tena. Mwaka wa tatu, mbuzi wa jirani walikula ule mzuri. Nikamtania kwamba uzee umemharibu mkono. Akacheka na kuniongezea maziwa.

Kisha ikaja ruksa, biashara ikafunguliwa. Maduka ya Musoma yakajaa, hata mbegu zikawa za pakiti zenye picha. Nikampelekea mama za kabichi na karoti. Alizipanda, akazila kwa adabu, kama mtu anayekula ugenini. Mgagani sikuuona kwenye pakiti yoyote.

Mama alipofariki, shangazi yangu, dada wa baba, aliyekuwa jirani yetu, alinikuta bustanini niking'oa magugu. Akanishika mkono.

"Yale uliyochomaga yalikuwa mbegu," akasema. "Kila mwaka alikuwa anaacha mashina sita yakauke. Mbegu ya zamani alishaipanda yote, akiba hakuwa nayo. Akaja kwangu kuomba huu wetu wa kijani."

Nikamuuliza kwa nini hawakuniambia. Nilimuuliza kwa ukali, kana kwamba kosa lilikuwa lake.

"Alinikataza. Alisema, 'Akijua, hatashikaga jembe hapa tena. Mboga nitaomba kwa watu. Yeye nitamwomba kwa nani?'"

Niliketi chini palepale, na kilio ambacho msibani kilikuwa kimenigomea kikanitoka.

Siku hizi naenda kila likizo. Bustani nzima nalima, ila kando ya jiwe sigusi. Majirani wananicheka kwamba mwalimu mzima anafuga magugu, na wana haki yao. Mvua ikianza huwa nainama hapo, nageuza kila mche unaochomoza nione rangi ya shina lake. Mpaka sasa yote ni ya kijani.