Wifi Alikuja na Ubani, Tukampa Wali Mwekundu

Nimewahi kupokea rambirambi za mtu ambaye wakati huo alikuwa jikoni kwangu anakwangua ukoko.

Siyo ndoto. Wala siyo pombe. Pombe nakunywa, lakini siku hiyo nilikuwa sijaanza.

Simu imelia, nimepokea, mama mmoja nisiyemjua analia kwikwi: "Poleni sana hapo kwenu. Nimesoma habari za yule mjane Mitsuyo. Jamani, alivyompenda mumewe!"

Nikageuza shingo. Marehemu alikuwa amebana nywele juu kama mpiganaji wa sumo, anakwangua sufuria, anaimba.

"Nani huyo?" akaniuliza.

"Sijui. Anasema umekufa."

"Mwambie asante." Akaendelea kukwangua.

Basi bwana, kaeni niwape mkasa mzima.

Mimi naitwa Tatsue. Nina nyumba ya wageni hapa Kamisawa, Japani, mji mdogo wa milimani ambao ukipiga chafya asubuhi, mchana unaletewa dawa na watu watatu. Habari zote za mji huu hupita kwangu kwanza, zinakunywa chai, ndipo zinakwenda kwa wenyewe.

Mitsuyo ni shoga yangu na ndiye mpishi wangu. Mumewe Shunzo alikufa zamani, ini. Mtu mzuri, ila sake, pombe yetu ya mchele, ilikuwa nzuri zaidi.

Sasa, kwetu mume akitangulia, jiwe la kaburi huchongwa majina yote mawili, la mume na la mke. La mume linaachwa hivyo hivyo. La mke linatiwa rangi nyekundu.

Nyekundu maana yake: huyu bado anapumua, lakini nafasi yake iko tayari.

Siku akifa, wekundu unakwanguliwa. Mchezo umeisha.

Aliyesimamia jiwe lile lichongwe ni wifi yake, Kikuno, dada mkubwa wa Shunzo. Anakaa Nagoya. Naye ni mjane, naye jina lake jekundu liko kule kwenye kaburi la mumewe, na analitaja kila mahali kama mtu aliyepewa nishani.

"Mimi jina langu halijapauka hata kidogo," huwa anasema. "Napeleka fundi analipaka upya kila mwaka."

Haya.

Mitsuyo alipotimiza sitini tukamvisha kizibao chekundu na kofia nyekundu kama desturi, maana mtu akifika hapo anahesabiwa amezaliwa upya, mtoto mchanga. Tukala, tukacheka. Ginji muuza tofu naye alikuwepo, mjane wa kiume, mpole, masikio kama vipini vya chungu.

Kuanzia siku ile nikaona mambo. Naagiza tofu kipande kimoja, vinakuja viwili. Naagiza viwili, vinakuja vinne, na kimoja kimekatwa umbo la ua.

"Shoga," nikamwambia Mitsuyo, "hii tofu inatongoza."

Akawa mwekundu kuliko kizibao.

Mwaka haukuisha, Ginji akaja kuposa. Lakini akaja na sharti.

"Mimi simwogopi mtu," alisema, amepiga magoti kwenye mkeka wangu, jasho linamtoka. "Ila naheshimu wafu. Jina lako liko kule juu, jekundu, kando ya Shunzo. Maana yake una miadi na mtu. Mwanamke mwenye miadi simuoi. Ukoo wa Shunzo ukuachie kwanza, kwa mdomo wao, nisikie kwa masikio yangu."

Kwa masikio yale, angesikia hata kutoka Nagoya.

Mitsuyo akampigia wifi yake simu. Tukaweka sauti kubwa, mimi nikajifanya napangusa meza.

"Wifi," akaanza kwa upole, "nimezaliwa upya. Mtoto mchanga naye ana mume kaburini?"

Hapo hapo Kikuno akalipuka.

"Mitsuyo! Huna haya! Jina lako liko pale na pale litabaki! Utatoka kwenye wekundu ule ukiwa maiti, umenielewa? Maiti!"

Akakata.

Ginji akachukua ndoo yake ya tofu, akainama, akaondoka. Kuanzia kesho yake, naagiza kipande kimoja, kinakuja kimoja. Tena cha mraba.

Mitsuyo akakondeana. Supu ikawa haina chumvi, samaki wanaungua. Wageni wangu wakaanza kununua mkate stesheni. Nyie, mapenzi ya watu wazima yanaweza kufunga biashara.

Hapo ndipo akaingia Wakui.

Mpiga picha wa safari, kutoka Tokyo, akapanga kwangu, skafu shingoni hata akila. Jarida moja la utalii lilikuwa linaandaa toleo zima la rangi nyekundu, na yeye ametumwa kuutafuta "wekundu wa kweli, wa vijijini, usioigizwa".

Usioigizwa.

Alikuja na mwavuli mwekundu wa karatasi kwenye buti la gari. Hapa kwetu hakuna anayetumia mwavuli ule, tunatumia ya plastiki ya dukani kama watu wengine. Akampa bibi wa posta aushike, apite nao chini ya lango jekundu la hekalu.

"Mvua hainyeshi, mwanangu," bibi akalalamika.

"Fikiria inanyesha, Bibi."

Akataka ukungu. Ukungu hakuna. Akachoma majani ya mpunga, wazimamoto wa kujitolea wakaja mbio, akawapiga picha na wao kwa sababu gari lao ni jekundu.

Siku moja akamkuta Mitsuyo kwenye zile sanamu za Jizo, mlinzi wa watoto, anazibadilisha bibu, vile vitambaa vya kifuani vya watoto. Bibu zetu ni nyekundu, zinafukuza balaa, na kila mwaka tunashona mpya.

"Mama, usigeuke! Hapo hapo! Sasa huzunika kidogo."

Kwa mara ya kwanza alikuwa ameomba kitu ambacho kipo. Mitsuyo alihuzunika mpaka Wakui mwenyewe akatoa leso.

Hakumuuliza jina, wala hakujua kwamba ndiye anayempikia. Angeuliza ya nini? Mwanga ulikuwa mzuri.

Sasa sikilizeni. Asubuhi moja nakwenda kuweka miswaki mipya kwenye vyumba vya wageni, nakuta mmoja umepungua. Nakwenda jikoni, nauona kwenye sinki kando ya chupa ya siki.

Nyuzi zake zote nyekundu.

Mitsuyo akaniangalia. Nikamwangalia.

"Alisema nitatoka nikiwa maiti," akasema taratibu, huku akikata kitunguu. "Basi nimekufa. Mke wa Shunzo amekufa jana alasiri. Nimempangusa vizuri, nimemwagia maji, nimemwekea maua, nimemuaga. Shunzo nimemwambia pia. Hakupinga."

"Na huyu anayekata kitunguu?"

"Huyu ni mtoto mchanga."

Sikumwambia mtu. Mimi, Tatsue! Nilibeba siri ile nikaharisha.

Akampeleka Ginji makaburini akaone. Ginji akalitazama jiwe, akalizunguka, akajikuna sikio.

"Wekundu hakuna," akakubali. "Ila ukoo haujasema neno."

"Watasema."

"Lini?"

"Wewe panga siku, mwenzangu. Wasiposema mpaka siku hiyo, chukua ndoo yako uende zako."

Ndivyo harusi ilivyopangwa huku imening'inia kwenye uzi. Ginji alitaka kauli, na mwenye kauli ni Kikuno peke yake.

Wakati huo Wakui alikuwa anamalizia kazi yake. Siku yake ya mwisho akapanda makaburini. Mgeni wa kutoka nje ya Japani asingekosea, kwa sababu asingejua kusoma lile jiwe. Wakui ni wa hapa hapa, kwa hiyo alikosea kwa ufasaha. Akaona majina mawili, yote hayana rangi. Akachungulia kwenye mikunjo ya herufi za mke, akaona chembe za wekundu zimebaki. Maua mapya. Jiwe limeoshwa.

Akaunganisha mwenyewe: mke amefuata juzi tu.

Akaweka jani jekundu juu ya jiwe, lilianguka mara mbili akalirudisha, akapiga picha, akarudi Tokyo bila kuuliza mtu.

Toleo likatoka wiki ya harusi. Kulia, mwanamke anafunga bibu, uso umejaa majonzi: "Mjane asiyejulikana." Kushoto, jiwe, jani, na jina la Mitsuyo linasomeka kama mchana: "Hatimaye amemfuata mumewe." Na chini kabisa, kwa herufi ndogo, namba ya simu ya nyumba yangu, kwa watakaopenda kuja kutalii.

Jamaa alimpiga picha mtu aliye hai, akamzika ukurasa wa pili, na hakujua ni yule yule.

Simu zikaanza. Rambirambi, maua, vyumba vikajaa mpaka mwezi wa pili. Kifo kile kiliniingizia wageni kuliko matangazo yangu yote.

Siku ya harusi ikafika. Nyumba imefurika. Chungu cha wali mwekundu kinafuka mvuke, ule wali wetu tunaoupika na maharage madogo mekundu siku za furaha. Mtawa wa hekalu ameshakaa. Ginji yuko kwenye kona, suti ya kuazima, anatazama mlango. Ndoo yake ya tofu kaiweka pembeni.

Kauli bado haijaja.

Mlango ukasukumwa.

Kikuno.

Kimono nyeusi tii. Ubani mkononi. Jarida kwapani. Akaona viatu vilivyojaa mlangoni, na kwa mtu aliyevaa nyeusi, viatu vingi maana yake ni msiba.

"Hata kuniambia!" akaangua kilio. "Mnazika ndugu yangu nasoma kwenye jarida kama mtalii!"

Nyumba nzima tukaganda. Mtawa akafungua mdomo, nikamfinya.

Kikuno akapiga magoti katikati ya ukumbi, machozi yanachuruzika.

"Mitsuyo, wifi yangu! Nilikutukana kwenye simu. Nimeuona uso wako kwenye picha, nikajua ulikuwa unaaga. Nisamehe. Ulimtunza mdogo wangu mlevi, ulimtunza akiwa mgonjwa, ukamtunza akiwa jiwe. Umemaliza. Ukoo wetu haukudai kitu. Nenda zako, dada, uko huru!"

Masikio ya Ginji yakasimama.

Akamgusa mtawa. "Umesikia?"

"Nimesikia."

Ndipo pazia la jikoni likafunguka, marehemu akatoka na mwiko.

"Asante sana, wifi."

Mama yangu! Ukelele ule uliamsha mbwa wa stesheni. Mizimu yetu haina miguu, kila mtoto anajua, kwa hiyo kitu cha kwanza Kikuno alichofanya ni kuinamisha kichwa mpaka sakafuni kuangalia miguu ya Mitsuyo. Akaikuta yote miwili, ina soksi nyeupe, moja imetoboka.

Akanyakua chumvi mezani, ambayo kwetu hufukuza mizimu, akamrushia hata hivyo.

"Muongo! Mchawi! Nimelia kuanzia Nagoya, watu kwenye treni wamenipa viti viwili!"

"Ulisema nitoke nikiwa maiti. Nimetoka."

"Naifuta kauli yangu! Nilikuwa namwambia maiti!"

"Na maiti amesikia, wifi."

Ginji akasimama. Mtu mpole yule, sijawahi kumsikia akipaza sauti, akasema mpaka vikombe vikatetemeka: "Ukoo umesema! Mbele ya mtawa na mji mzima! Dada Tatsue, pakua!"

Tukapakua.

Kikuno akakaa kwenye kona amevimba, ndani ya nyeusi yake, kama kunguru aliyealikwa kimakosa. Nikamwekea bakuli la wali mwekundu. Akalitazama. Akasema hawezi kula. Akala mabakuli matatu.

Nikadhani yameisha.

Baadaye nakusanya vyombo, nahisi mtu ananivuta mkono. Kikuno. Akachungulia huku na huku, akanisogeza nyuma ya friji.

"Tatsue, mwanangu," akanong'ona, "ule wekundu... aliutoa na nini?"

"Mswaki na siki."

"Siki ya kawaida?"

"Ya mchele."

Akaitikia kwa kichwa kama mtu anayeandikiwa dawa.

"Mama Kikuno," nikamuuliza, "kuna nini?"

Akashika ukosi wa kimono. Mashavu yakaiva.

"Kuna baba mmoja... tunafanya naye mazoezi ya viungo, yale ya kufuata redio, bustanini asubuhi. Ananishikia mkoba." Halafu akakaza uso. "Ukimwambia mtu nakuua."

Nikampa mswaki mpya, haujafunguliwa. Akautumbukiza kwenye mkono wa kimono, chini ya ubani.

Nilinyamaza mpaka akapanda treni. Muda huo si mdogo kwa mtu kama mimi.

Juzi kati simu ikalia. Mitsuyo kapokea, nikasikia sauti ya Wakui. Picha ya jiwe imemletea tuzo, na amesikia kwamba marehemu alikuwa mpishi kwetu; sasa angependa kurudi, kama wenyeji hawataona vibaya, apige picha jiko alilokuwa akipikia marehemu.

"Marehemu anaongea," Mitsuyo akamwambia. "Njoo na njaa. Ila mwavuli wako uache."

Yeye akakata simu, mimi nikacheka mpaka nikakaa chini.

Ninachojua mimi ni hiki. Tumepaka malango rangi nyekundu ili balaa lisiingie, tumezivika sanamu bibu nyekundu ili watoto wawe salama, halafu ndiyo hiyo hiyo rangi tunamfungia nayo mwanamke kwenye jiwe na kumwambia asubiri. Rangi haina kosa. Muulize aliyeshika brashi.

Na mkiona picha nzuri sana ya majonzi ya mtu, msilie kwanza. Pigeni simu jikoni kwake, mhakikishe hakwangui ukoko.