Filimbi ya Bendera

Kwetu Bukavu filimbi ya bendera hulia asubuhi na jioni, bendera ikipandishwa na ikishushwa, na kila aliye karibu husimama hapo alipo. Mwenye pikipiki huzima injini. Mama mwenye beseni la sambaza kichwani hutulia na samaki wake. Ukijifanya hukusikia, polisi atakufungua masikio.

Baba yangu hakuhitaji polisi. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na tulipokuwa tukirudi nyumbani filimbi ilitukuta mara nyingi mbele ya ofisi ya komine, serikali ya mtaa. Alinishika mkono, akanyooka, na ole wangu nijikune pua. Kisha njia nzima alinifundisha rangi: buluu ni amani, nyekundu ni damu ya mashujaa, manjano ni utajiri, nyota ni kesho njema. Nilimwamini. Katika zote hizo, nimeiona nyekundu tu.

Uzeeni akili ilianza kumtoka. Alisahau jina langu, akasahau kwamba mama tulishamzika. Filimbi hakuisahau. Refa akipuliza kwenye uwanja wa jirani, Baba aliacha tonge la bugali, akasimama wima mezani. Tulicheka sana. Mazoea yana taabu, tukasema.

Siku vita vilipoingia mtaani kwetu na masasi yakaanza kulia, tulitoka na umati kwenda Kasha kwa dada yangu. Nilimshika Baba mkono. Tulipofika kwenye ofisi ya komine, askari mmoja alipuliza filimbi kuwaita wenzake waliokuwa wakikimbia. Baba akasimama katikati ya barabara, mikono ubavuni.

“Papa, tuende. Ile iko filimbi ya basoda.”

“Nyamaza, mutoto. Drapeau iko nashuka.”

Nilimvuta kwa mikono miwili. Nilimtukana, mimi niliyelelewa kwa heshima. Mzee mkavu vile, sijui nguvu alizitoa wapi. Watu walitupita huku na huku, wengine wakitusukuma. Juu ya mlingoti bendera ilikuwa haijaguswa na mtu. Risasi ilimpata kifuani akiwa bado anaitazama.

Kwetu mzee huzikwa katika migomba yake, karibu na waliomtangulia. Huyu tulimzika mbiombio nyuma ya ukuta wa nyumba ya watu tusiowajua, bila padri, akiwa na shati lake lilelile. Nina hasira na jambo hilo mpaka leo, na sijaona wa kumpelekea.

Bendera bado inapandishwa. Nimeapa mara nyingi kwamba sitaisimamia tena, nitapita zangu, polisi afanye atakalo. Kisha filimbi inalia mbele ya ofisi ile, miguu yangu inagoma, na mkono wangu wa kulia unajinyoosha pembeni, kutafuta wa kuushika.