Ujumbe Uliokwama Kwenye Kiganja

Nilikuwa mwalimu mkali, na siku zile nilijisifia ukali huo. Nilifundisha Biolojia katika sekondari moja upande wa Magunga, miaka ya tisini. Mimi ni Mkuria, Kijaluo changu kilikuwa cha salamu tu, kwa hiyo nje ya darasa mimi na wazazi tulielewana kwa Kiswahili.

Siku ya somo la neva niliwasimamisha wanafunzi kwa mstari kuzunguka darasa, wameshikana mikono na kufumba macho. Kila mmoja ni seli ya neva, niliwaambia. Ndani ya seli ujumbe hukimbia kama umeme mdogo, chembe za chumvi zikiingia na kutoka kwenye ukuta wake. Ukifika mwisho hukuta mwanya, na hapo seli humwaga kemikali kidogo kuamsha seli inayofuata. Ukibanwa mkono, nawe mbane jirani yako.

Nikambana wa kwanza. Ujumbe ukakimbia vizuri, kisha ukafia kwa msichana mmoja mpole wa Lambwe. Tukarudia. Ukafia palepale. Mara ya tatu darasa zima likaangua kicheko, nami nikapandwa na hasira, maana nilidhani ananichezea.

Nilimpa viboko viwili, kimoja kila kiganja. Cha kulia kilimtoa machozi. Nikampiga cha kushoto. Akabaki ameunyosha mkono, macho yamefumbwa, uso umekunjamana kwa woga.

"Mwalimu, bado?" akauliza.

Wenzake wakacheka tena. Mimi nikaishusha fimbo. Hakuwa na kiburi hata chembe. Alikuwa bado anakisubiri kiboko ambacho nilikuwa nimeshampiga.

Niliwatoa wengine nje, nikabaki naye na rafiki yake. Nikamwambia afumbe macho, nikamgusa kidole kimoja kimoja kwa ncha ya kalamu. Mkono wa kulia alijibu kila mara, wa kushoto hakujua hata nilipoanza. Rafiki yake akamkunjia mkono wa sweta, na karibu na kiwiko tukaona baka jeupe kiasi, kubwa kama kifuniko cha chupa. Alikuwa akilificha tangu muhula uliopita.

Wiki hiyohiyo nilikwenda naye na mama yake kliniki ya Homa Bay. Ni ukoma. Muuguzi alituambia taratibu kwamba vijidudu vyake hupenda sehemu za mwili zenye ubaridi, na vilikuwa vimeshambulia neva za mkono ule. Vidonge vingevimaliza, naye hangemwambukiza mtu. Lakini hakutuficha: mahali neva ilipokufa, ujumbe usingepita tena, na mkono usiojua maumivu huumia ovyo. Ilibidi ajifunze kuulinda kwa macho.

Alimeza vidonge vyake miezi yote bila kuruka hata siku moja. Vidole havikupinda. Hisia ilirudi kidogo kwenye gumba, basi. Nilifurahi kama baba yake.

Likizo ilipofika, mama yake aliniita nyumbani kwao Lambwe. Alikuwa amenichinjia kuku.

"Ero kamano, mwalimu. Asante sana," akasema. "Wewe umeokoa mtoto yangu. Ulijua aje?"

Ningeweza kujibu kwamba ni elimu. Nilitaka sana kujibu hivyo.

"Sikujua, mama. Nilimchapa. Nilidhani ni mtundu."

Nikangoja anifukuze, na ningekuwa nimestahili.

"Hata mimi nilimchapa," akasema hatimaye, sauti imeshuka. "Kila akiangusha kikombe. Mwaka mzima. Nikasema ni kichwa ngumu, hataki kazi."

Akajifuta macho kwa ncha ya leso. Mimi sikuwa na leso.

Msichana akatoka jikoni na chai. Mkono wa kushoto alikuwa ameufunga kitambaa kinene kama alivyofundishwa, na aliutazama kila hatua mpaka akafika kwetu salama. Akapiga magoti, akatukaribisha kwa furaha. Tukapokea vikombe, mama yake na mimi, na hakuna aliyeweza kumtazama usoni.