Magunia ya Dagaa na Vitenge vya Kwaya

Nilipoolewa Karungu, mama mkwe wangu alikuwa amefanya biashara ya omena, samaki wadogo wakavu wa ziwani, kwa miaka mingi kuliko umri wangu. Mimi nilikuwa nimeajiriwa kufundisha somo la biashara katika shule moja ya upili ya Nyatike. Aliniita nyar Kabondo, yaani binti wa Kabondo, kwa sababu kwetu mke huitwa kwa jina la alikotoka. Aliniita hivyo kwa heshima, lakini bila uchangamfu, na sababu niliijua. Siku ya kwanza nilipoingia nyumbani kwake nilifungua dirisha kwa sababu ya harufu ya magunia yaliyopangwa ukutani. Aliinuka, akayahamisha magunia yote stoo, gunia moja moja, na tangu siku hiyo hakuniomba nimsaidie kazi yake hata mara moja.

Kila mwaka ikifika Aprili, uvuvi wa omena hufungwa kwa miezi kadhaa upande wetu wa ziwa ili samaki wapate kuzaana. Ufuo wetu wa Sori hupoa, na hata wafanyabiashara wanaoleta mzigo kutoka kisiwa cha Remba hukaa tu. Miezi hiyo mama alikuwa akivuka mpaka kwenda Tanzania, akanunua omena Musoma, ambako huitwa dagaa, kisha akaileta Migori na Homa Bay. Ni samaki yuleyule wa ziwa lilelile.

Hakuwahi kupita pale Isebania penye ofisi za forodha. Alipita njia za panya, kama wenzake wote. Magunia yaligawanywa kwa bodaboda, yakakatizwa katikati ya mashamba ya mahindi na tumbaku, yakavushwa kijito, yakakusanywa tena upande wa Kenya. Aliamini kwamba ofisi ni ya watu wenye malori.

Mwaka mmoja mvua ilinyesha akiwa njiani. Pikipiki aliyopanda iliteleza kwenye kijito, akaanguka pamoja na magunia mawili. Mengine yalilowa kabla hayajafunikwa. Dagaa iliyolowa haikai. Kufika Migori ilikuwa imeshaanza kuoza, ikamwagwa yote. Yeye alirudi nyumbani na mkono uliovunjika kifundoni.

Jioni moja katika majuma hayo nilikuwa sebuleni kwake nikisahihisha mtihani wa kidato cha tatu. Alikaa mbele yangu, mkono ukiwa kwenye plasta.

"Umewauliza nini?" akasema.

"Hatua ambazo nchi hupitia zikitaka kuungana kiuchumi, mama."

"Hebu soma nisikie."

Nikamsomea jibu la mwanafunzi mmoja aliyeandika vizuri: kwamba katika umoja wa forodha nchi wanachama huondoleana ushuru kwa bidhaa zinazotoka kwao, kisha kwa pamoja huweka ushuru wa aina moja kwa bidhaa zinazotoka nje ya umoja.

"Na sisi tuko kwenye hiyo?"

"Tuko. Sisi na Tanzania na Uganda na wengine. Siku nyingi."

Alicheka mpaka akaushika ule mkono kwa maumivu. "Nyar Kabondo, umempa huyo mtoto alama?"

"Nimempa zote."

"Basi mimi nimevunjika mkono nikikwepa kitu ambacho hakipo."

Nilitaka kucheka naye, nikashindwa. Nilikuwa nimefundisha sura hiyo kwa miaka minne. Niliijua kwa majedwali na kwa vifupisho, na mwanamke aliyekuwa akiyaishi mambo ya sura hiyo alilala chumba cha pili kutoka changu. Sikuwahi kumwambia chochote kwa sababu sikuwahi kufikiri kwamba ni habari yake.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Isebania peke yangu. Katika jengo la mpakani, ambako maafisa wa nchi zote mbili hukaa ukumbi mmoja, kulikuwa na meza ndogo ya kuwaelekeza wafanyabiashara. Dada aliyekaa hapo alinieleza mambo bila haraka. Mzigo mdogo, usiozidi thamani iliyowekwa, ukiwa umezalishwa ndani ya jumuiya, una cheti chake chepesi cha kuonyesha asili. Kinajazwa palepale, afisa wa nchi unakotoka mzigo anakigonga muhuri, na wa nchi unakoingia hakutozi ushuru wa forodha. Ada ndogo za ukaguzi zipo, na afisa wa samaki lazima auone mzigo.

"Ni karatasi moja tu?" nikauliza.

"Karatasi moja. Shida ni kwamba akina mama hawaji."

Nilirudi na nakala ya karatasi hiyo, nikamwonyesha mama. Aliigeuza pande zote mbili. Ilikuwa kwa Kiingereza, na yeye aliacha shule darasa la nne. Akasema, "Aprili utakuwa umefunga shule?"

Nikasema ndiyo.

"Basi tutaenda pamoja. Wewe utaandika."

Mkono ulipona ukiwa umepinda kidogo, hauwezi kuinua kitu kizito. Aprili iliyofuata tulikwenda Musoma. Kwa mara ya kwanza nilimwona akinunua. Aliingiza mkono katikati ya gunia, akatoa samaki wachache kutoka chini, akawavunja vichwa, akawanusa, akayakataa magunia matatu mfululizo kwa sababu ya mchanga. Tulichukua magunia kumi na mawili. Kurudi tulikodi pikapu, na tulipofika Sirari, hatua chache kabla ya mpaka, aliniambia niteremke nitangulie ukumbini kuanza kuandika, yeye ana shughuli kidogo sokoni.

Nilijaza fomu kwa mwandiko wangu wa ubaoni. Aina ya bidhaa: dagaa wakavu. Idadi: magunia kumi na mawili. Mahali palipoandikwa kwamba mtoa habari anathibitisha kuwa haya ndiyo yote na ni kweli, nilitia sahihi yangu kwa niaba ya mama. Nilijisikia mtu wa maana.

Afisa wa Tanzania alikuwa kijana mwembamba. Mama alipoingia, kijana yule alisimama. "Shikamoo, mama."

Kwetu hatuamkiani hivyo, lakini mama alikuwa amezoea Musoma. "Marahaba, baba."

Kijana akagonga muhuri. Tukasogea dirisha la pili, kwa afisa wa Kenya, mwanamke wa makamo aliyevaa miwani. Alisoma fomu, akatoka nje na sisi kwenda kuona mzigo. Afisa wa samaki alipekua magunia mawili, akaridhika. Yule wa forodha akainua ncha ya turubai. Nyuma ya magunia, kwenye pembe ya pikapu, palikuwa na furushi kubwa lililofungwa kwa kamba ya katani.

"Mwalimu," akasema, kwa maana nilikuwa nimejitambulisha hivyo, "hapa umeandika dagaa tu. Na hii ni nini?"

Sahihi ilikuwa yangu. Niliiona barua ikifika shuleni, nikamwona mwalimu mkuu akiisoma. Nilimgeukia mama, na nakiri kwamba katika nukta hiyo sikuwa na huruma naye. Nilikuwa na hasira.

Mama alijipenyeza, akasimama kati yangu na afisa.

"Usimuulize yeye. Hakuwepo nilipovinunua. Ni vitenge vya kwaya ya kanisa letu, tunashona sare za Pasaka. Nimeviweka mimi."

"Kwa nini havikuandikwa?"

"Kwa sababu si biashara. Na nimevinunua hapa Sirari. Kama dagaa ya Tanzania haina ushuru, kitenge cha Tanzania kina ushuru gani?"

Afisa hakukasirika. Alilifungua furushi, akavuta kitenge cha juu, akatafuta ukingo wake, akausogeza karibu na miwani. Kisha akamwonyesha mama.

"Angalia hapa, mama. Kimeuzwa Tanzania, lakini hakikutengenezwa Tanzania. Kimetoka mbali, ng'ambo ya bahari. Dagaa wako amevuliwa hapa kwetu, kwa hiyo anapita. Kitenge hiki hakina ukoo hapa. Hata ukikipitisha nchi ngapi za jumuiya, asili yake haibadiliki."

Mama aliyatazama maandishi ambayo hakuweza kuyasoma. "Kwa hiyo ni kama mtoto anayelelewa kwa shangazi," akasema polepole. "Hata akikaa miaka kumi, siku ya mahari wataulizwa wa kwao."

Afisa alicheka. Kisha akarudi kwenye kazi yake. Alituambia vitenge lazima viandikwe kivyake na vilipiwe, na kwa kuwa tumesema ukweli mapema hatatuandikia faini. Dagaa waende. Alinitazama juu ya miwani. "Na wewe, mwalimu, usitie sahihi mzigo ambao hujauona."

Tulilipa. Ule ushuru wa vitenge ulikula sehemu nzuri ya faida ya magunia yale, na mama aliutoa mfukoni mwake. Kwenye benchi nje ya ukumbi, tukisubiri dereva, nilijaribu kumwambia kwamba nilikuwa nimeogopa.

"Nilikuona," akasema. "Uliihofia kazi yako. Ni haki yako, umeisomea. Lakini mimi sikukuficha kwa ubaya, nyathina. Nilidhani ukijua utanikataza."

Nyathina ni mtoto wangu. Alikuwa hajawahi kuniita hivyo.

Dagaa tuliipeleka moja kwa moja Homa Bay. Sokoni niliketi naye siku mbili, nikipima kwa debe na kwa mkebe wa gorogoro. Nywele zangu zilinuka wiki nzima.

Jumapili ilipofika mama aliomba nafasi baada ya matangazo. Alisimama mbele ya kanisa na kuwaeleza wanakwaya kwa nini kila mmoja ataongeza kidogo kwenye mchango wa sare. Wengi walinung'unika. Mwenyekiti wa kwaya, mama mwenye sauti ya kwanza, alisema kwa sauti kwamba wangepita njia ya zamani hakuna ambaye angewashika. Mama alinyoosha ule mkono uliopinda, akaacha wautazame, kisha akaenda kukaa.

Mwaka uliofuata kwaya ilitaka sare nyingine, safari hii za mkutano wa wilaya. Mama alirudi kwenye duka lilelile Sirari. Muuzaji, ambaye alimkumbuka, alimtolea vile vya zamani, vinavyong'aa na vya bei nafuu. Mama akamwomba vilivyofumwa katika kiwanda cha Tanzania. Bei yake dukani ilikuwa juu zaidi. Muuzaji akamwambia anapoteza hela.

"Nahesabu mpaka Karungu," mama akamjibu, "wewe unahesabu mpaka mlangoni."

Safari hiyo nilikuwepo dukani, nikakagua ukingo wa kila doti mwenyewe, na fomu niliiandika baadaye. Vitenge vikapita pamoja na dagaa. Ukijumlisha bei na ushuru, vilitoka rahisi kuliko vile vya ng'ambo. Katika vitabu vyangu jambo hilo, la ushuru kumhamisha mnunuzi kutoka bidhaa za nje hadi za jumuiya, lina jina refu, na nilikuwa nimelifundisha kama hasara au faida kutegemea mtahini anataka nini. Vya Tanzania havikung'aa sana. Mwenyekiti wa kwaya alisema vinamfanya aonekane mzee. Lakini walishona, na walivaa.

Sijasema kwamba mambo yote yalinyooka. Kuna siku mtandao wa forodha ulilala tukakaa Isebania tangu asubuhi hadi alasiri, dagaa wakipigwa jua. Kuna siku afisa wa zamu hakukijua cheti chetu, tukaanza kumweleza sisi. Na baadhi ya wenzake mama bado wanapita mashambani, kwa sababu fomu ni ya Kiingereza na ukumbi una viyoyozi na watu wenye tai. Wengine walianza kuja nyumbani kwetu Ijumaa kabla ya safari ili niwafundishe mapema kila mstari unauliza nini. Mama ndiye aliyewakaribisha. Aliyarudisha magunia yake sebuleni, akayapanga palepale ukutani, na mimi sikugusa dirisha.

Muhula wa tatu nilimwomba aje shuleni kuzungumza na kidato cha tatu. Alikataa mara mbili. Mara ya tatu alikuja amevaa sare ya kwaya, akasimama mbele ya ubao bila kuutazama, akaanza kwa kuuliza ni nani kati yao ambaye mama yake hupita njia ya panya. Hakuna aliyeinua mkono. Akasubiri. Akauinua wake kwanza, ule uliopinda. Kisha msichana mmoja wa safu ya nyuma akainua, na mwingine, mpaka ikawa karibu nusu ya darasa.

Aliongea kwa Kiswahili chake kilichochanganyika na Dholuo. Mvulana mmoja akamuuliza: kama samaki wanaogelea wanavyotaka, dagaa ni wa nchi gani?

"Ni wa aliyemvua," mama akasema. "Akiwa majini bado ni wa Mungu."

Kengele ililia akiwa hajamaliza. Mwalimu wa hisabati alifika mlangoni na vitabu vyake, akamsikiliza, halafu akavuta kiti akaketi.