Msiba Nilioukalia Seoul

Wenzangu, tangu nirudi Makambako mnanisumbua niwasimulie Korea, nami nimekuwa nawapa maghorofa tu, lakini leo naitoa yenyewe: mimi, bibi wa wajukuu tisa, kiongozi wa akina mama kanisani, nimejikojolea katikati ya barabara ya Seoul mchana kweupe, huku nimeshikwa mikono na watu nisiowajua.

Mjukuu wangu Upendo anasomea udaktari huko, na serikali yao ndiyo inayomsomesha (ndiyo, huyu huyu aliyekulia kwenye mashamba ya chai Lupembe huku mimi nikichuma). Siku hiyo alinitembeza kwa miguu tangu asubuhi, mara jumba la wafalme wao, mara soko, mpaka magoti yangu yakakataa. Akaniketisha kwenye benchi.

"Bibi, nakununulia chai hapo ng'ambo. Usibanduke."

"Nibanduke niende wapi, mimi mbuzi?"

Hajavuka hata barabara nikasikia watu wanalia. Nageuka, naona kwenye kona wanawake wamekaa chini kabisa, nguo nyeusi, mbele yao picha kubwa ya kijana imezungukwa na maua meupe. Sasa niambieni, ninyi mngepita? Kwetu ukipita msiba bila kukaa, siku yako utajizika mwenyewe. Nikasema nikae kidogo tu, nitoe pole, nirudi kabla chai haijapoa. Nikajitanda kitenge, nikanyoosha miguu, nikaangua kilio cha Kibena, kile kinachosikika mpaka bonde la pili. Wakageuka wote. Mama mmoja akafuta machozi, akanifunga kitambaa chekundu kichwani, nami nikaona wamenipa heshima ya wafiwa. Mwanamume akasimama na kipaza sauti, nikajua ndiye mchungaji. Wakanyanyua ngumi, nami nikanyanyua yangu nikasema amina.

Ndipo nikaona askari. Wengi, wana ngao na kofia ngumu, hawasemi neno, wanakuja kwa mstari kama ukuta unaotembea. Polisi wa nini msibani? Nikataka kuinuka, yule mama akapitisha mkono wake kwapani mwangu, wa upande wa pili naye hivyo hivyo, wakanibana. Sikuogopa rungu, nimezaa watoto sita bila nesi. Niliogopa watanipiga picha, wajue huyu ni bibi yake Upendo, wamrudishe nyumbani masomo hayajaisha. Mimi niliyeishia darasa la pili ndiye nitakayemtoa daktari shuleni. Nikaita Upendo, Upendo wee, sauti ikamezwa na kile kipaza sauti.

Askari mmoja akachuchumaa mbele yangu, uso wa mtoto kabisa, akaniuliza kitu. Nikamjibu nilichokuwa nacho.

"Kamwene, baba."

Akauliza tena, safari hii kwa ukali, na salamu yangu haijaitikiwa. Hapo ndipo mkojo uliponitoka, wa moto, nikausikia unapoa kwenye lami.

Upendo akatokea mbio, akamwinamia yule askari mara nne, mara tano, akininyooshea mkono (sijui alisema nina kichaa, na kama alisema, namsamehe). Wale mama wakaniachia, askari wakatupisha. Akanifunga koti lake kiunoni.

"Bibi, nilikwambia usibanduke."

"Nimeona msiba, mwanangu."

"Siyo msiba. Ni wafanyakazi, wamegoma."

"Na yule kwenye picha?"

"Mwenzao. Mashine ya kiwandani ilimvuta."

"Sasa siyo msiba kivipi?"

Wiki nzima tukaingoja barua ya chuo ya kumfukuza, kila mlango ukigongwa naacha kutafuna. Haikuja, Mungu ni mwema, lakini hofu ile bado ninayo. Nimeapa: hapa kwetu palipo na kilio nitakaa chini kama kawaida, ila ugenini nitauliza kwanza nani amekufa, na nani hataki aliliwe.